Maswali ya Wasomaji: Kidonda Kisichopona, Uvimbe wa Taya na Maumivu ya Jino

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinafanana kwa jambo moja: mwandishi ameshatumia dawa mbili tatu kabla kinywa chake hakijakaguliwa na mtu yeyote kwa taa. Dawa ya fangasi haiponyi kidonda cha saratani, na dawa ya kuua vijidudu haiondoi usaha uliofungiwa ndani ya mfupa. Kwanza ugonjwa ujulikane, tiba ifuate. Tumechagua maswali saba.

Nina kidonda pembeni mwa ulimi, upande wa kushoto, huu ni mwezi wa pili. Hakiumi sana. Nimepaka jeli, nimesukutua maji ya chumvi, kinapungua kidogo kisha kinarudi palepale. Navuta sigara. Nina miaka 52. Je, niendelee kusubiri?

Usisubiri, ndugu. Kidonda chochote cha kinywani ambacho kimepitisha wiki mbili bila kupona kinatakiwa kionwe na daktari wa kinywa na meno, na chako kimepitiliza. Pembeni mwa ulimi na chini ya ulimi ndipo saratani ya kinywa inapopenda kuanzia. Tumbaku, ya kuvuta au ya kutafuna, inaongeza hatari. Pombe ikiungana nayo hatari inapanda zaidi.

Wengi wanapotoshwa na kutoumwa. Vile vidonda vya kawaida vinavyotokea ndani ya mdomo na mashavuni vinauma hasa: ni vidogo, vya duara, katikati vyeupe au njano, vimezungukwa na wekundu, navyo hupona vyenyewe kati ya siku 7 na 14. Saratani ikiwa changa mara nyingi haiumi. Kinachoitambulisha ni ugumu. Ukikishika kidonda kwa kidole kilichooshwa, utahisi kingo zake zimeinuka na nyama ya chini yake imekakamaa, tofauti na ulimi laini wa upande wa pili.

Kidonda kinaweza pia kusababishwa na jino lenye ncha kali au meno bandia yanayokwaruza. Hapo daktari atalisugua jino likose makali au atarekebisha meno bandia, kisha atakupa tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Rudi siku hiyo hata kama unajiona nafuu. Kama kidonda bado kipo, lawama haiwezi kubaki kwa jino tena, na hatua inayofuata ni kuchukua kinyama cha kupima.

Kipimo hicho kinaogopwa kuliko kinavyostahili. Unachomwa sindano ya ganzi kando ya kidonda, kinakatwa kipande kidogo, panashonwa uzi mmoja au miwili, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kipande kinachukuliwa ukingoni, pale nyama mbovu inapokutana na nzima, kwa sababu katikati ya kidonda mara nyingi kuna nyama iliyokufa ambayo haimwambii kitu mtaalamu wa maabara. Kinatumbukizwa kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhia nyama, si kwenye maji, kwa kuwa maji huziharibu chembe hai (seli) zake na kipimo kinakuwa bure. Yale maneno kwamba kukata kipande kunasambaza saratani si ya kweli. Kinachoipa saratani nafasi ya kusambaa ni miezi inayopotea kwa hofu hiyo.

Saratani ya ulimi ikikutwa haijazidi sentimita 2 na haijafika kwenye tezi za shingo, mara nyingi upasuaji peke yake unatosha. Ikichelewa, unaongezewa mionzi na pengine dawa za saratani, na ulimi unapoteza sehemu kubwa ambayo ungeihitaji kwa kula na kusema.

Wasomaji wengine wajikague mara moja kwa mwezi. Simama mbele ya kioo chenye mwanga mzuri, vua meno bandia. Vuta mdomo wa juu kisha wa chini, tazama ndani. Tanua kila shavu kwa kidole. Shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi, uuvute kulia na kushoto hadi uone pembeni kabisa, kule nyuma karibu na magego. Inua ulimi utazame sakafu ya kinywa. Tazama kaakaa. Mwisho papasa chini ya taya na shingo pande zote mbili, ulinganishe. Unatafuta kidonda, uvimbe, utando mweupe usiofutika, au baka jekundu kama mahameli. Baka jekundu linatutia wasiwasi zaidi kuliko jeupe, ingawa watu huliona si kitu kwa sababu halina kidonda.

Jino la gego la chini liliniuma, nikapewa dawa za kuua vijidudu, uvimbe ukaisha. Imekuwa hivyo mara tatu mwaka huu. Kwa nini hazinitibu kabisa?

Kwa sababu dawa haifiki panapohusika. Dawa uliyomeza inasafirishwa na damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita. Vijidudu vimejificha kwenye mfereji wa mzizi. Dawa inawapiga wale waliotoka nje kwenye mfupa na nyama, uvimbe unashuka, unajiona umepona, na wale wa ndani wanaanza upya.

Tiba ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kulitoboa jino na kusafisha mizizi yake: urefu wa kila mfereji unapimwa, unasafishwa kwa visindano maalumu na dawa ya kuosha, unazibwa hadi karibu na ncha, kisha jino linajengwa juu, na gego mara nyingi linavishwa kofia lisije likapasuka. Ya pili ni kuling'oa. Kama usaha umeshajikusanya kwenye ufizi, unapasuliwa utoke. Dawa za kuua vijidudu zinaongezwa pale penye homa, uvimbe unaosambaa au mdomo kushindwa kufunguka. Kwa mtu mzima asiye na mzio wa penisilini, kwa kawaida ni amoksilini miligramu 500 kila baada ya saa 8, na anaangaliwa tena baada ya siku 2 au 3. Kwa maumivu, ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, pamoja na parasetamoli gramu 1, inafanya kazi vizuri kuliko mojawapo peke yake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asitumie ibuprofeni bila ya daktari, na parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24. Kidonge cha aspirini kisibandikwe kwenye ufizi. Kinauchoma, na utakuwa na kidonda juu ya jino bovu.

Sasa tusome hapa kwa makini, maana hapa watu hufa. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu pande zote mbili na kuwa mgumu, ulimi ukainuliwa juu, mate yakaanza kudondoka kwa sababu huwezi kumeza, sauti ikabadilika, mdomo usifunguke hata vidole viwili, huo ni usaha unaoelekea kuziba njia ya hewa. Ni suala la saa, si siku. Mgonjwa akalishwe wima, asilazwe chali, apelekwe hospitali yenye uwezo wa kumsaidia kupumua na kumpasua. Hata uvimbe wa taya la juu unaofumba jicho unahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Mwanangu wa miaka 6 amevimba taya kwa siku kumi hivi, na magego yake yanalegea ingawa hayana matundu. Nimeambiwa nimng'oe. Nifanye hivyo?

Hapana mama, usimng'oe. Mpeleke kesho asubuhi kwenye hospitali yenye daktari wa watoto na maabara, uwaambie maneno haya hasa: taya linakua kwa kasi, meno yanalegea bila kuoza.

Dalili hizo mbili kwa mtoto wa umri huo zinatulazimisha kufikiria limfoma ya Burkitt, saratani inayowapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 7 katika maeneo yenye malaria nyingi. Imepewa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda na kuieleza mwaka 1958. Inakua kwa kasi kuliko saratani nyingine yoyote ya binadamu. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Wiki ya kusubiri ni ndefu mno.

Huenda isiwe hiyo. Jipu la jino linavimbisha pia, ila kwa kawaida huja na homa, maumivu na jino lililooza. Ndiyo sababu kinachukuliwa kinyama, au chembe zinavutwa kwa sindano, na tumbo linapigwa picha ya mawimbi ya sauti kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi upo tumboni pia. Ukithibitika, tiba yake ni dawa za saratani za mshipani, wala si upasuaji, na inaitika vizuri kiasi kwamba uvimbe unaweza kuanza kuyeyuka ndani ya siku chache. Kuyeyuka huko kwa ghafla nako kuna hatari yake: taka za chembe zilizokufa zinaweza kuziba figo. Kwa hiyo mtoto anapewa maji mengi ya mshipani kabla na wakati wa dozi ya kwanza, na mkojo wake unapimwa. Mzazi akiona mkojo umepungua aseme papo hapo.

Taya langu la chini limekuwa likivimba polepole kwa miaka miwili, haliumi. Kipimo kimesema ameloblastoma. Daktari anataka kukata kipande cha taya. Mwingine ameniambia inaweza kukwanguliwa tu. Nichague lipi? Nina miaka 29.

Tunaelewa kwa nini kukwangua kunavutia zaidi. Lakini ukikubali kukwanguliwa, uwezekano wa kurudia ni mkubwa, na mara ya pili mfupa utakaokatwa utakuwa mwingi kuliko leo.

Ameloblastoma inatokana na chembe za kutengeneza meno. Kwa kawaida haisambai mwilini, na ndiyo maana haiitwi saratani, ila inakula mfupa ilipo. Kwenye eksirei mara nyingi inaonekana kama vyumba vyumba, na mizizi ya meno ya jirani inaweza kuwa imekatwa. Tatizo ni kwamba inapenyeza vijichembe ndani ya mfupa laini kupita mpaka unaoonekana kwenye picha. Anayekwangua anaondoa kile anachokiona na kuviacha vile. Mpasuaji anayekata anazidisha sentimita 1 hadi 2 za mfupa usio na ugonjwa kila upande ili avipate.

Kuna aina moja, yenye chumba kimoja tu, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa inaweza kutibiwa bila kukata taya zima. Kwa hiyo usiishie kwenye neno ameloblastoma. Muulize daktari ripoti ya maabara imesema ni ya aina gani, na kama kinyama kilichukuliwa sehemu ya kutosha. Kipande kidogo cha ukuta wa uvimbe kinaweza kudanganya.

Uliza pia pengo litazibwaje, na ulize kabla ya siku ya upasuaji. Bamba la titani linashikilia umbo la uso, lakini likiachwa peke yake kwa miaka linaweza kuvunjika au kutokeza nje ya ngozi. Pengo fupi linajazwa kwa mfupa wa nyonga. Likiwa refu, mfupa mwembamba wa mguu unahamishwa pamoja na mishipa yake ya damu na kuungwa shingoni kwa darubini. Baadaye unaweza kupandikizwa meno. Mdomo wa chini upande huo huenda ukabaki na ganzi daima, kwa sababu mshipa wa fahamu unapita ndani ya mfupa uleule. Ni bora ulijue hilo mapema. Baada ya hapo ni eksirei kila mwaka kwa angalau miaka 10, kwani ugonjwa huu unaweza kurudi baada ya muda mrefu sana.

Bibi ana meno bandia. Kaakaa lake ni jekundu, na pembe za midomo zimepasuka. Ametumia dawa ya fangasi mara mbili, inarudi.

Dawa inamtibu bibi na kuyaacha meno. Fangasi wanaishi kwenye vitundu vidogo vya ile plastiki, na kila asubuhi bibi anajiambukiza upya. Kosa la kwanza kwa kawaida ni kulala nayo. Ayavue usiku wote. Yasuguliwe kwa brashi na sabuni ya maji pande zote, hasa ule unaogusa kaakaa, kisha yalowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu iitwayo klorheksidini, ya asilimia 0.2, kwa dakika 15, mara mbili kwa siku, yasuuzwe. Klorheksidini ikikutana na nistatini, ambayo ni dawa ya fangasi, inaipunguzia nguvu, kwa hiyo visitumike kwa pamoja kinywani.

Nistatini ya maji inatumika mara 4 kwa siku baada ya kula, meno yakiwa nje, izungushwe kinywani kwa dakika kadhaa kabla ya kumezwa, na iendelee siku 2 baada ya dalili kwisha. Wengi wanaacha siku ya tatu wanapoona nafuu. Kama bibi anatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, asipewe jeli ya mikonazoli, ambayo nayo ni dawa ya fangasi. Inaiongezea wafarini nguvu hadi mtu avuje damu. Apimwe sukari. Kama anavuta dawa ya pumu yenye steroidi, asukutue maji na kutema kila baada ya kuvuta. Na kama meno yamekuwa mafupi kwa kuchakaa, pembe za midomo zitaendelea kulowa mate na kupasuka mpaka atengenezewe mapya.

Taya langu linalia "tak" ninapofungua mdomo. Juzi nilipiga mwayo likakwama wazi, nikarudishiwa hospitali. Je, ni ugonjwa wa kukatwa?

Mlio peke yake, bila maumivu na bila kukwama, hauhitaji tiba. Kijisahani cha gegedu kilicho ndani ya kiungo kinateleza mbele na kurudi mahali pake. Kipimo chako cha nyumbani ni vidole: mdomo usio na tatizo unapokea vidole vyako vitatu vilivyosimamishwa. Vikianza kuingia viwili tu, mwone daktari.

Kukwama wazi ni jambo jingine. Kichwa cha taya kimeruka mbele ya kifundo, na misuli inakaza ikikizuia kurudi, ndiyo maana kila saa inayopita inafanya kazi ya kulirudisha iwe ngumu zaidi. Daktari anaweka vidole gumba juu ya magego ya chini, anakandamiza chini kwanza, kisha anasukuma nyuma. Wasaidizi wa nyumbani husukuma nyuma moja kwa moja, na hapo ndipo wanaposhindwa au kuvunja. Kwa wiki 2 hadi 3 sasa usifungue zaidi ya vidole viwili, kata chakula vipande vidogo, na mwayo ukija shika kidevu kwa ngumi. Kwa maumivu ya misuli, kitambaa cha uvuguvugu dakika 15 hadi 20, mara tatu nne kwa siku. Meno ya juu na ya chini yasigusane isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Ukijikuta umeyabana, achanisha.

Jambo moja la kumwambia daktari: dawa ulizotumia siku hiyo. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya magonjwa ya akili zinaweza kukaza misuli ya taya kiasi cha kufanana na kuteguka, na tiba yake ni sindano, si kuvutwa.

Nimeng'oa gego la mwisho siku tatu zilizopita. Maumivu yalikuwa yamepungua, leo yamerudi makali hadi sikioni, na kinywa kinanuka. Pia mama yangu anachomwa sindano ya kuimarisha mifupa na anatakiwa kung'oa jino, kuna tatizo?

Bonge la damu lililopaswa kulifunika shimo limetoka au limeyeyuka, mfupa umebaki wazi. Magego ya mwisho ya chini ndiyo yanayoongoza, na sigara inachangia sana. Rudi kwa daktari aoshe shimo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu na kuweka dawa yenye mafuta ya karafuu, ambayo inabadilishwa kila baada ya siku 1 hadi 3 mpaka maumivu yaishe. Asiuchokoe mfupa ili damu itoke upya. Kama huna homa wala uvimbe unaoongezeka, dawa za kuua vijidudu hazikusaidii. Wewe sukutua taratibu nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri ya mililita 250 baada ya kila mlo, na usivute sigara. Atakayeng'oa baada yako ang'ate pamba dakika 30 hadi 45, asisukutue kabisa kwa saa 24, asinyonye kwa mrija.

Kuhusu mama: dawa za mifupa kama alendronati, zoledronati na denosumabu zinapunguza uwezo wa taya kujikarabati, na baada ya kung'oa, mfupa unaweza kubaki wazi na kufa. Hatari ni kubwa zaidi kwa wanaochomwa dozi za saratani kuliko kwa wanaotibiwa udhaifu wa mifupa. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Denosumabu ikikatizwa ghafla, mifupa ya mgongo inaweza kuvunjika. Aandike jina la dawa, tangu lini, na tarehe ya sindano ya mwisho, ampelekee daktari wa meno kabla hajagusa koleo. Mara nyingi jino hilo linaweza kusafishwa mizizi na kuachwa mahali pake. Likilazimika kutoka, arudi kukaguliwa mpaka ufizi ufunge, na mfupa ukionekana wazi kwa zaidi ya wiki 8, aonwe na mpasuaji wa kinywa na taya.